Mama Imani wa Utawala, kabla ya bridi tuangalie kwanza udongo wa kompaundi yako

Swali lenyewe lilikuja hivi: "Daktari habari yako. Sisi tunakaa Utawala, ploti ya 40 kwa 80, iko na ukuta na geti. Mwezi uliopita wezi waliruka wakabeba mtungi wa gesi na nguo zote zilikuwa kwa kamba. Mzee anataka Rottweiler ama German Shepherd, watoto (miaka 6 na 10) wanataka zile Spitz nyeupe. Dadangu anasema twende shelta tuchukue mbwa huko lakini mimi naogopa, naskia hao ni mbwa koko, wengine wamepigwa, wana magonjwa na mbwa mkubwa hafundishiki. Mwaka jana tulinunua papi barabarani akakaa wiki moja tu akafa akihara damu. Nisaidie, ni bridi gani haiumi watoto na inaweza wezi? Na mbwa mkubwa atakubali jina jipya kweli? Mama Imani."

Mama Imani, pole sana kwa hiyo gesi na nguo, najua ile baridi inabaki mwilini ukishajua mtu alikuwa nje ya dirisha la watoto usiku na nyinyi hamkusikia kitu. Mimi ni daktari wa mifugo, nimetibu mbwa na paka hapa Nairobi miaka 14 sasa, na hili swali la bridi huwa naulizwa karibu kila wiki, lakini kwa maneno yako kuna mstari mmoja umeupitia mbiombio ndio umenisimamisha, ule wa papi aliyekufa akihara damu. Wacha tuanze hapo, bridi tutafika, na nitakuambia wazi ningekuwa wewe ningechukua mbwa gani.

Papi mdogo, amenunuliwa barabarani, siku ya tatu ama ya nne anakataa chakula, anatapika povu, halafu anahara damu yenye harufu ambayo hata ukioga inabaki puani, hiyo kwangu ni parvo mpaka kipimo kiseme vingine. Ni kirusi kilichojulikana kwa mbwa mwaka wa 1978 kikazunguka dunia haraka sana, na ubaya wake ni kwamba mbwa akifa chenyewe hakifi. Kile kinyesi kilianguka kwa nyasi zako mwaka jana kimeoshwa na mvua, hakionekani tena, lakini kirusi kinaweza kukaa kwa udongo miezi mingi, hata mwaka na zaidi pale penye kivuli. Sabuni ya kawaida haikiui. Jik inakiua, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, unaosha uchafu kwanza kisha unamwaga Jik unaiacha dakika 10, lakini hiyo ni ya simiti na vyombo na kibanda, nyasi huwezi kuzipiga Jik.

Nitakuambia venye nilijifunza kulitilia hili maanani. Kuna familia moja, baba na kijana wake wa darasa la nne, walinunua papi kwenye jam wakaambiwa ni German Shepherd pyua wa wiki 8. Nilipomfungua mdomo yale meno ya maziwa ndio yalikuwa yanamalizia kuchomoza, nikajua huyu hata wiki 6 sidhani, ametolewa kwa matiti ya mamake mapema. Kadi ya chanjo ilikuwa imeandikwa kwa kalamu tu, haina ile stika inatolewa kwa chupa ya chanjo, haina muhuri wala sahihi ya daktari. Tulimwekea dripu siku 3. Huyo kijana alikuwa anakuja na yunifomu akitoka shule, anakaa chini kando ya keji, anashika ule mguu hauna sindano, hasemi kitu. Siku ya nne asubuhi nikampigia babake simu. Wiki 2 baadaye, kwa mapenzi tu, ili mtoto asilie, wakanunua papi mwingine bila kuniuliza, na yeye akafa kwa ugonjwa uleule kwa kompaundi ileile. Mpaka leo huwa najilaumu sikuwaambia mapema kuhusu udongo.

Kwa hivyo Mama Imani usilete papi hapo kwako sasa hivi. Hata mzee akipata papi mwenye karatasi zote za East Africa Kennel Club, kile chama cha kusajili mbwa wa bridi pale Jamhuri, chanjo ya parvo inaanza wiki ya 6 hadi 8 na inarudiwa kila wiki 3 ama 4 mpaka afikishe wiki 16, na hapo katikati kuna siku ambazo kinga ya maziwa ya mama imeisha na ya chanjo haijashika, na ndizo siku kirusi kinaingilia. Mbwa mzima aliyechanjwa kamili naye atalala kwa nyasi hizohizo na atakuwa sawa. Yaani kabla hatujataja bridi yoyote kompaundi yako imeshachagua, unahitaji mbwa mkubwa wa umri, si lazima wa mwili, na kwa Nairobi mahali rahisi pa kupata mbwa mkubwa aliyechanjwa, ambaye kuna mtu anamlisha kila siku na anamjua tabia, ni shelta. Dadako amesema ukweli.

Sasa bridi. Bridi ni kumbukumbu ya kazi ambayo watu walizalishia mbwa zamani. Rottweiler ametoka mji wa Rottweil huko Ujerumani, alikuwa wa kuswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wachinjaji, dume lake linafika kilo 50 na zaidi. German Shepherd alianzishwa rasmi mwaka wa 1899 na afisa wa jeshi anaitwa Max von Stephanitz, kutoka kwa mbwa wa kuchunga kondoo, ni mwerevu sana na hapendi kukaa bure, na wengi wana shida ya nyonga, unamwona wa miaka 7 akiinuka asubuhi kama mzee. Japanese Spitz ni mzuri, mchangamfu, anabweka sana, na yale manyoya meupe yanapukutika mpaka utayapata kwa sufuria, na matope ya Utawala wakati wa mvua unayajua kuliko mimi. Hakuna mmoja hapo ni mbaya. Lakini hakuna mmoja wao anakuja na garantii ya kutouma watoto.

Mwaka wa 2022 wanasayansi walichapisha kwa jarida la Science utafiti wa mbwa zaidi ya 18,000 ambao watu wanaowafuga walijibu maswali ya tabia zao, na zaidi ya 2,000 kati yao wakasomwa jeni. Wakakuta bridi inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti ya tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Masikio, rangi, urefu, manyoya, hivyo ndivyo bridi inakupa kwa uhakika. Upole, woga, hasira, kupenda watoto, hayo utayajua ukiangalia huyo mbwa mmoja aliye mbele yako, na papi wa wiki 8 bado hajakuonyesha, mbwa wa miaka 2 ameshaonyesha. Ndio maana mtu akiniambia ya mbwa mkubwa hafundishiki mimi namwambia ni kinyume, mkubwa unamwona kama alivyo, na kujifunza anajifunza mpaka uzee, wale wa shelta wengine wiki moja tu wameshajua sauti ya geti na saa ya chakula.

Mwambie mzee hili la wezi nimelifikiria sana kwa sababu nimeona likienda vibaya mara nyingi. Hapa Nairobi tumezoea mbwa anafungiwa keji mchana kutwa akiwa na giza ndani, jioni saa 3 anaachiliwa, na tunaamini hivyo ndivyo anakuwa mkali. Nilishaitwa nyumba moja kutibu Rottweiler dume la miaka 4, mnyama mzuri ajabu, na nilipofika nikakuta pua yake imechubuka juu hapa na kupona na kuchubuka tena, ni ile nyavu ya keji, na nyayo za miguu ya mbele zilikuwa zimekwisha ngozi kwa kuzunguka pahali pamoja. Hakuwa anajua mtu yeyote kwa hiyo familia isipokuwa kijana anayeweka chakula. Alikuwa amemuuma binti wa nyumba aliyetoka usiku kuanua nguo. Kwake huyo binti alikuwa mgeni kama mwizi mwingine tu, angejuaje na hawajawahi kukaa pamoja hata saa moja? Na kumfunga ama kumfungia mnyama kwa namna ya kumtesa ni kosa kwa sheria ya Kenya, ile ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Cap 360, watu hawajui tu.

Mwizi wa gesi na nguo hataki vita, anataka kimya. Mbwa anayejua watu wake, anayelala karibu na mlango wa jikoni, anajua sauti ya gari la mzee na ya jirani, atabweka akisikia mguu usio wa hapo, taa zitawaka, na mwizi ataenda kutafuta ploti ingine. Hiyo kazi mbwa wa kilo 18 anaifanya vizuri tu na anakula kidogo kuliko wa kilo 50, na hapo ndio napenda nimtetee huyu tunamwita mbwa koko.

Hawa mbwa wa kahawia wenye mkia wa kujikunja unaona wamelala kando ya kibanda cha chapati, watu wanadhani ni takataka ya bridi za wazungu zilizochanganyika. Siyo hivyo. Mwaka wa 2009 watafiti walichunguza mbwa wa mtaani na vijijini Misri, Uganda na Namibia, na wale wa Uganda kwa mfano walikuwa karibu wote ni wa asili ya huku kwetu, hawana damu ya bridi za ng'ambo. Ni mbwa waliochujwa na nchi hii miaka mingi sana, wale dhaifu hawakufika kuzaa, kwa hivyo mara nyingi hawana zile shida za nyonga na pumzi za kurithi ambazo nazitibu kila siku kwa mbwa wa bei. Wana wasiwasi na mgeni lakini hawana haraka ya kuuma, wanapenda kusimama mbali wabweke kwanza. Si hiyo ndio unatafuta?

Ukienda shelta, kwa mfano KSPCA pale Karen, usiende na watoto siku ya kwanza, nenda na mzee tu. Watoto watachagua yule wa kwanza kuweka mguu kwa wavu na hapo huwezi kukataa. Zungumza na yule mtu anayewalisha, huyo ndiye anajua, muulize ni nani ametulia wakati wa chakula, nani anaogopa wanaume, nani amewahi kukaa na watoto, nani anapigana. Ukionyeshwa mmoja usimwendee mbele kwa mbele, chuchumaa ubavu, angalia chini, mwache aje akunuse. Mdomo uliolegea, mwili unaocheza wote mpaka kiuno, hiyo nzuri. Anayekaza mwili, amefunga mdomo, weupe wa macho unaonekana, huyo anakuambia bado, na si mbaya, ni vile hajawa tayari kwa nyumba yenye mtoto wa miaka 6. Yule anayejificha nyuma kabisa anatetemeka namhurumia sana lakini huyo anahitaji nyumba ya watu wazima wenye subira. Mtoe kwa kamba mtembee naye kidogo, mwangalie pikipiki ikipita. Rudi siku ingine, hapo ndio uende na watoto, na mwangalie anafanya nini Imani akicheka kwa nguvu.

Usishangae ukiombwa ada, ama wakitaka kuja kuona ukuta na geti lako kabla wakupe. Shelta inayouliza maswali mengi inamjali mbwa. Uliza kadi ya chanjo, uangalie stika na sahihi, uliza amepimwa homa ya kupe na amepewa dawa ya minyoo lini, na uliza kama amefungwa kizazi. Hapo kwa kufunga kizazi wanaume wengi wananikatalia, wanasema mbwa akihasiwa hatalinda. Kubweka mwizi hakutoki huko, Mama Imani. Dume ambaye hajahasiwa ndiye anaruka geti usiku kufuata jike la mtaa wa tatu, anarudi na masikio yamepasuka, ama na ule uvimbe wa sehemu za siri ambao mbwa wanaambukizana wakipandana, nautibu kwa sindano za dawa ya kansa kila wiki kwa wiki kadhaa. Aliyehasiwa anashinda nyumbani, na nyumbani ndipo ulimtaka.

Magonjwa unayoogopa, mengi yanaonekana na yanatibika, upele, minyoo, kupe. Moja tu ndilo halina mchezo, kichaa cha mbwa, kwa sababu dalili zikishaanza kwa mtu karibu hakuna anayepona, na karibu kesi zote za binadamu, asilimia 99, zinatokana na mbwa. Kenya ina mpango wa kukimaliza kufikia 2030 na njia yenyewe ni kuchanja mbwa, asilimia 70 yao wakichanjwa ugonjwa unakatika. Karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, mara nyingi kunakuwa na chanjo ya bure ama bei ya chini mitaani, ipeleke kichwani hiyo tarehe, na kadi uihifadhi vizuri utaihitaji ukienda kaunti kukata leseni ya mbwa. Mtoto akiumwa na mbwa yeyote, hata kama ni mkwaruzo, osha na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kwa saa, kisha hospitali siku hiyohiyo, usiweke pilipili wala mafuta ya taa, naomba sana.

Watoto wako wafundishe mambo matatu tu na uyasimamie wewe mwenyewe. Mbwa akila hasumbuliwi, akilala haguswi, na kumkumbatia shingo hapana, sisi tunaona ni mapenzi yeye anaona amebanwa. Akinguruma asichapwe. Kunguruma ndio lugha yake ya kusema niachie nafasi, ukimchapa ataacha kunguruma na siku moja atauma bila kusema. Huyu wa miaka 6 asiachwe peke yake na mbwa hata kama wamezoeana, umri huo bado.

Chakula si lazima kiwe cha supamaketi. Ugali na mapupu ya buchari sawa, omena sawa, mboga kidogo sawa, lakini mapupu na matumbo chemsha mpaka yaive ndani kwa sababu mabichi yanampa ile minyoo midogo ambayo mayai yake yakiingia kwa mtu yanafanya uvimbe wa maji kwa ini. Kitunguu hapana, chokoleti hapana, zabibu hapana, mifupa iliyopikwa hapana, inavunjika kama vioo.

Siku 3 za kwanza anaweza kukosa kula, akajikunja nyuma ya tangi la maji na usimsikie hata akibweka, na mzee atasema si niliwaambia. Mwacheni. Muwekee gunia na blanketi kuukuu mahali pakavu karibu na mlango wa jikoni, hasa kama ni Julai, hiyo baridi inaingia mpaka kwa mifupa. Wageni wasiitwe kumwona. Kama wiki 3 hivi ndio ataanza kuonyesha ni nani, na kufika miezi 3 utakuta amejua ratiba yenu yote. Geti likae limefungwa muda huo wote, wengi wanapotea wiki ya kwanza kwa sababu bado hajui kwake ni wapi, na kabla ya hapo mfunge kola yenye namba yenu ya simu.

Na jina, ndio, atalikubali. Chagua fupi, silabi mbili, watoto walitaje kwa sauti nzuri wakati huohuo wanampa kipande kidogo cha mapupu, mara kumi kwa siku, na lisitumiwe kumgombeza. Wangu alikuja kutoka shelta akiwa na miaka kama 5, huko walikuwa wanamwita Bosco, binti yangu akakataa akasema ni Chapo. Siku ya sita nilikuwa nafunga geti, yeye alikuwa amelala mbali kule kwa kivuli cha mwembe, binti akaita Chapo akiwa jikoni hata hajatoka nje, na lile sikio lake lililovunjika likainuka kabla ya kichwa.